Kitufe cha Nyota

Jina la Nyota hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa kazini, nao walimpa kwa kumcheka. Katika mashine ya hatimkato kuna kitufe kimoja cha katikati chenye alama ya nyota, na waandishi wengine wa baraza la kesi za kazi hukigusa pale tu wanapotaka kufuta walichokosea. Yeye alikigusa kutwa nzima. Kidole chake cha shahada kilikwenda pale katikati na kurudi, kilikwenda na kurudi, mpaka rangi ya kitufe ikabanduka ikabaki plastiki tupu. "Bibie huyu anafuta kuliko anavyoandika," wakasema, na jina likamganda. Hakulikataa. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, na katika miaka yote hiyo hakuna ukurasa wake hata mmoja uliorudishwa na Mwenyekiti kwa makosa. Wale wacheshi wasingeweza kusema hivyo kuhusu kurasa zao.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, mashine ya hatimkato si taipureta. Vitufe vyake ni ishirini na viwili tu, na mwandishi habonyezi kimoja kimoja. Hubonyeza vitano au sita kwa pamoja, kama mpiga kinanda, na pigo moja hutoa silabi nzima, pengine neno zima, pengine hata "Mheshimiwa Mwenyekiti" na mkia wake wote. Kompyuta hulipokea pigo, hutafuta katika kamusi yake kwamba pigo hili ni neno gani, kisha maandishi yanatokea kwenye skrini. Ndiyo maana mwandishi anaweza kumfukuzia mtu anayesema bila kupumua. Lakini mashine hiyo ina kasoro moja, na Nyota aliichukia kasoro hiyo kwa moyo wake wote. Haina kitufe cha nafasi. Neno moja likiisha na jingine likaanza, mashine haijui, inakisia tu. Mapigo mawili yakifuatana, na yakaungana kufanana na neno jingine lililomo kwenye kamusi, basi yanagandishwa, na mtu aliyesema mambo mawili anajikuta amesema la tatu ambalo hajawahi hata kuliota.

Ubaya wa jambo hilo Nyota aliuonea nyumbani kwake, wala si kazini. Baba yake alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi zile za herufi za risasi zinazopangwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Mitambo ya pale ilimla masikio yote mawili, taratibu, kwa miaka thelathini. Alipostaafu na kuhamia kwa bintiye, ungeweza kubamiza mlango nyuma yake na asigeuke.

Uziwi wenyewe watu wa nyumbani wangeuzoea. Kilichowatesa ni kutikisa kichwa. Mzee alikuwa na aibu ya kuuliza mara ya pili. Ukimwambia jambo asilipate, alitabasamu, akatikisa kichwa mara mbili, polepole, kama mtu aliyeridhika kabisa, kisha akabaki peke yake na kutojua kwake. Kwa tabia hiyo aling'olewa jino zima. Daktari wa meno alimuuliza, "Ni hili?" Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa, na lile bovu akarudi nalo nyumbani likiendelea kumtesa.

Nyota akaomba mashine kuukuu iliyotupwa stoo ya kazini, akaiunganisha na skrini ndogo, akaiweka kwenye meza ya chakula. Watu walizungumza, yeye akaandika huku chakula chake kikipoa, na baba akasoma. Mambo yalikwenda vizuri kwa wiki mbili. Kisha siku moja dada yake mkubwa alikuja amefura kwa hasira, kwa kuwa mtoto wa jirani amevunja dirisha na yeye ndiye anayelaumiwa. "Mimi si mama yake!" dada akafoka. Skrini ikaandika "Mimi simama yake", na mzee, mtiifu wa watu, akasimama na kijiko mkononi akingoja kuambiwa aelekee wapi. Walicheka wote mpaka machozi. Mzee naye alicheka. Lakini kesho yake alikigeuza kiti chake kikaipa skrini mgongo, na kikabaki hivyo kwa siku nne.

"Usiniandikie tena," alisema. "Bora nisijue linalosemwa kuliko niwe kichekesho mbele ya wajukuu."

Nyota si mtu wa kulia ovyo, ila siku hiyo alilia bafuni huku bomba likiwa wazi. Siku ya tano mzee mwenyewe ndiye aliyemwita. Alikuwa amefungua kopo lake la bati, lile analowekea miwani ya zamani na vitambulisho vya kazi, na kutoka humo akatoa kipande kidogo cha risasi, akamwekea bintiye kiganjani.

"Hiki ni nini?"

Nyota akaandika kwenye karatasi: Herufi.

"Tazama vizuri. Ina alama yoyote?"

Haikuwa na alama. Juu ilikuwa laini, tupu.

"Hii ni nafasi, mwanangu. Sisi tulikuwa tunaiweka kwa mkono, kila neno likiisha. Ina uzito, si unaisikia? Hiyo mashine yenu imewadanganya kwamba nafasi inajiweka yenyewe. Sasa kama wewe huiweki, unataka nani aje aiweke? Mimi?"

Nyota akanunua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza upya, pigo kwa pigo. Kila pigo alilihoji kama mgeni aliyegonga mlango saa mbaya. Ukitangulia, utamvuta nani? Ukifuata, utashikwa na nani? Pigo lililojibu vibaya lilitimuliwa, hata kama lilikuwa jepesi na tamu vidoleni. Vineno vidogo, akina si, na, wa, ya, ni, ndivyo vilivyokuwa wakorofi wakubwa, maana vinamng'ang'ania kila jirani. Kila kimoja akakipa nyota. Alibonyeza pigo lake la kawaida, pamoja na kile kitufe cha katikati, na kompyuta ikajua kwamba hicho kinasimama peke yake, hakishikani na mtu. Kazi hiyo ilimla miaka saba na kasi kidogo. Mzee akaacha kutikisa kichwa. Akaanza hata kubishana mezani, tena kwa sauti ya juu, jambo ambalo mjukuu wake aliliona balaa na Nyota akaliona raha tupu.

Hiyo ndiyo nyota waliyokuwa wakiicheka.

Sasa, mwaka huo aliletwa Mkuu mpya wa Idara ya Kumbukumbu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vinameremeta, saa ya kupimia wakimbiaji inaning'inia shingoni. Walimwita Bwana Kasi kabla hata hajamaliza kujitambulisha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Alikuwa mtu mwenye mpango. Alishawaandikia wakubwa wake kwamba katika miezi mitatu waandishi wote watafika maneno mia mbili na ishirini kwa dakika, kwa kutumia kamusi moja ya idara, nyepesi, isiyo na madoido. Maneno yakigandana, yagandane. Ghorofani kulikuwa na makarani wawili ambao kila alasiri wangekaa kuyabandua na kusafisha kumbukumbu za siku.

Ijumaa moja asubuhi akawapima wote. Mwenye mia mbili na thelathini alipigiwa makofi. Ilipofika zamu ya Nyota, Bwana Kasi aliitazama saa yake, akaitazama tena, akakuna kisogo.

"Dada, mia moja themanini na mbili."

"Na makosa mangapi?"

"Makosa hatupimi leo."

"Kwa nini hatupimi?"

"Kwa sababu yatasafishwa, dada. Ndiyo kazi ya wale wa juu."

"Mimi sijazoea kuacha uchafu eti kuna mtu atapita na ufagio."

Wenzake wakacheka. Bwana Kasi naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akagawa karatasi. Kuanzia Jumatatu, kamusi ni moja. Mwenye kamusi yake binafsi asiitumie. Atakayekaidi atahamishiwa kwenye ghala la mafaili. Ghala hilo lilikuwa chini kabisa ya jengo, halina dirisha, na mtu aliyepelekwa huko wenzake walianza kumtaja kama marehemu.

Nyota alikishika kiti chake kwa mikono miwili. Kiti hicho, mbele ya mashine, ndicho kitu pekee maishani mwake alichokipata kwa jasho lake bila kubebwa na mtu. Alimfikiria baba. Akamfikiria binti yake aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule. Akatia sahihi. Alitia shingo upande, lakini sahihi ni sahihi. Nyumbani mzee alimuuliza mbona uso umekunjamana, akamwandikia kwamba kichwa kinamuuma. Uongo huo ulitokea kwenye skrini safi kabisa, kila neno na nafasi yake.

Jumatatu kulikuwa na kesi chumba namba tatu. Ni chumba chenye madirisha mawili yasiyofunguka, feni moja yenye kelele, meza ndefu ya Mwenyekiti, na chini yake, pembeni, meza ndogo ya mwandishi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti ndogo, miwani yenye kamba, asiyependa kabisa kurudia jambo. Upande mmoja alikaa Wakili wa kiwanda cha samani. Upande wa pili alikaa mlalamikaji, seremala ambaye kila mtu, hata adui zake, alimwita Fundi.

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mitano, mikono mipana, kidole kimoja pungufu, na koti ambalo bila shaka liliazimwa kwa mtu mwembamba zaidi. Msumeno wa umeme ulikuwa umemla masikio kama mitambo ya uchapaji ilivyomla baba yake Nyota. Alidai kwamba kiwanda kilimfukuza kwa sababu ya uziwi. Kiwanda kilidai kwamba aliondoka mwenyewe kwa hiari yake. Alichotaka ni kimoja, kurudishwa kwenye meza yake ya kazi. Na kama baraza lingeridhika kwamba aliondoka kwa hiari, kesi ingefia hapo hapo. Mbele yake waliweka skrini, ili asome yote yanayosemwa wakati ule ule yanaposemwa.

Nyota akaanza. Aliandika kama walivyotaka, na ilikuwa kama kupika katika jiko la mtu mwingine, kila unachotafuta hakipo pake. Akiiacha nyota, maneno yaligandana. Kidole kikimponyoka kwa mazoea na kuigusa, kamusi mpya haikulitambua pigo, ikatema herufi za ovyo. Nyuma ya chumba Bwana Kasi alikuwa amekuja kushuhudia matunda ya mpango wake, na kila akitazama saa yake alitabasamu, maana kasi kweli ilikuwepo. Wakili naye alikuwa msemaji wa kukimbia, kana kwamba kuna basi linamwacha.

"Je, ni kweli kwamba wewe uliondoka kazini kwa hiari yako, na si kwa kufukuzwa na mtu?"

Kwenye skrini ya Fundi likatokea: Jenikweli kwambawe TKW uliondokakazi nikwahia TS riyako nasikwa KPW fukuzwanamtu.

Fundi akalitazama. Midomo yake ikajaribu mwanzo, ikakwama, ikajaribu tena kutoka katikati. Akamtazama Wakili. Akamtazama Mwenyekiti. Akaona chumba kizima kinamngoja yeye. Kisha akatabasamu, akatikisa kichwa mara mbili, polepole.

Nyota alilijua tabasamu lile. Alikula nalo chakula kwa miaka.

"Mheshimiwa," Wakili akasema haraka, "naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba mlalamikaji ametikisa kichwa kukubali."

Katika baraza lile mwandishi hana mdomo. Ana masikio na vidole basi. Anaandika la kila aliyemo chumbani, na lake haliandikwi, kwa sababu hatarajiwi kuwa nalo. Mashahidi humpita bila salamu, si kwa dharau, ni kwamba hawamwoni. Katika miaka kumi na tisa Nyota hakuwahi hata kukohoa kwa sauti mle ndani. Sasa alitakiwa aandike maneno manne, mlalamikaji ametikisa kichwa kukubali, na kwa maneno hayo manne mtu angepoteza meza yake kwa ajili ya swali ambalo hakulisoma.

Akaitoa mikono kwenye mashine, akaiweka mapajani.

Mwenyekiti akainua macho. "Mwandishi, mashine imeharibika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mashine ni nzima. Niliyeharibika ni mimi."

Wakili akageuka kumtazama kana kwamba meza ndiyo iliyosema.

"Mheshimiwa, naomba uje usome kwenye skrini ya Fundi. Hicho alichokitikisia kichwa."

"Napinga!" Wakili akasimama. "Mwandishi si upande katika kesi hii. Hana haki ya kusema lolote."

"Sina," Nyota akasema. "Ila nimeshasema."

Mwenyekiti alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akazunguka meza, akainama mbele ya skrini. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alijaribu kusoma kwa sauti na hakufika mbali.

"Hii ni lugha gani?" akauliza.

Bwana Kasi akasimama kule nyuma. "Mheshimiwa, hiyo ni rasimu tu. Ndio utaratibu wetu mpya. Alasiri yote yatakuwa yamesafishwa."

"Alasiri yeye atakuwa ameshakubali!" Nyota akasema, na safari hii hakujali sauti imepanda kiasi gani. "Huyu anasoma sasa. Kichwa anatikisa sasa. Wale wa ghorofani watambandulia maneno, na kichwa chake je, watakibandua? Nina baba yangu nyumbani haelewi akiambiwa, anatabasamu hivyo hivyo. Ni aibu, Mheshimiwa, wala si kukubali. Na aibu hiyo leo nimemtia mimi, kwa mikono yangu, kwa kuwa niliogopa kuhamishwa."

Fundi alikuwa akitazama mdomo mmoja baada ya mwingine, bila kujua kinachoendelea, maana hakuna aliyekuwa akiandika.

"Unahitaji nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Dakika tano na kamusi yangu."

"Hairuhusiwi," Bwana Kasi akasema. "Amesaini, Mheshimiwa. Ninayo karatasi yake."

"Nimesaini kweli," Nyota akasema. "Nilikosea kusaini. Na Wakili apunguze mwendo kidogo, mimi si mwepesi kama wenzangu."

Mwenyekiti alirudi kwenye kiti chake bila haraka. "Dakika tano," akasema.

Flashi yenye kamusi yake ilikuwa kwenye mkoba, imefungwa kwa uzi pamoja na kile kipande cha risasi cha baba yake. Nyota aliipachika mbele ya macho ya watu wote. Kamusi ya miaka saba ikaingia. Akainua mkono, maana mtu akishafungua mdomo mara moja kuufunga ni kazi.

"Mheshimiwa, yaliyosemwa wakati mikono yangu imesimama, niyaandike ili Fundi naye ayasome?"

"Yaandike yote."

"Na ya kwangu?"

"Mwandishi, nimesema yote."

Hapo ndipo alipokwama, na nusura acheke. Kamusi yake ilikuwa na pigo la MWENYEKITI, pigo la WAKILI, la SHAHIDI, la MLALAMIKAJI. Pigo la kuonyesha kwamba anayesema ni mwandishi halikuwemo. Katika miaka yote ile ya kuhoji mapigo, hakuwahi kufikiri kwamba yeye naye atahitaji lake. Akalichagua pale pale, vidole vikielea juu ya vitufe, kwa maswali yake yale yale. Likitangulia, litamvuta nani? Hakuna. Likifuata, litashikwa na nani? Hakuna. Akalipa na nyota yake, akalihifadhi, akalipiga.

MWANDISHI: Hapana, Mheshimiwa. Mashine ni nzima.

Fundi akaanza kusoma. Alisoma yote, kidole chake kikifuata kwenye kioo cha skrini, mpaka kwenye aibu, na hapo kidole kikatulia kidogo. Hakumtazama mtu.

"Wakili, rudia swali," Mwenyekiti akasema. "Polepole."

Wakili akarudia, akiyatoa maneno moja moja kama mtu anayetoa miiba mguuni. Likatokea safi: Je, ni kweli kwamba wewe uliondoka kazini kwa hiari yako, na si kwa kufukuzwa na mtu?

Fundi alilisoma mara mbili. Shingo yake ikavimba.

"HAPANA!" Viziwi wengi hawajui sauti yao ina ukubwa gani, na ya Fundi ilifika mpaka uani. "Nani kaondoka kwa hiari? Nilikuja asubuhi nikakuta geti limefungwa na jina langu limekatwa kwenye orodha! Mlinzi kaambiwa asinifungulie! Randa yangu iko ndani mpaka leo! Tezo yangu iko ndani! Nani anaondoka kwa hiari anaacha randa yake?"

Nyota aliandika kila neno.

Mwenyekiti akatoa mapumziko ya robo saa. Kwenye korido, karibu na ndoo ya maji ya kunywa, Bwana Kasi alimfuata. Hakuwa amekasirika, alikuwa na hofu, na kijana mwenye hofu husema na wewe kwa upole mwingi.

"Dada, nisikilize. Ukurasa ule unakwenda kwa wakubwa. Wakisoma uliyoyasema, mpango wote umekufa, na mimi nimekufa nao. Tukirudi ndani nitaomba maneno yako yafutwe. Ya Fundi yabaki, sina neno na ya Fundi. Yako tu. Wewe ukikubali, kamusi yako tumia, nyota yako bonyeza, kiti ni chako mpaka ustaafu. Sitakugusa."

"Na nikikataa?"

"Kesho ghalani. Karatasi umesaini."

Nyota alikunywa maji yake mpaka chini.

Waliporudi, Bwana Kasi alisimama na kuomba. Alisema vizuri, kwa heshima zote. Alisema mwandishi hana nafasi katika kumbukumbu, haijapata kutokea, na mistari ile itachafua ukurasa. Nyota aliyaandika maneno hayo yote kadiri yalivyotoka, na Fundi akayasoma kwenye skrini.

"Maneno ni yake," Mwenyekiti akasema. "Mwandishi, unasemaje? Yafutwe?"

Kufuta kwenye mashine ile ni rahisi. Ni kubonyeza nyota, peke yake, mara kadhaa, na mistari inarudi nyuma ikitoweka. Kila mtu wa idara anajua hivyo. Kwa hiyo kidole cha shahada cha Nyota kilipoondoka mahali pake na kwenda katikati, kwenye kile kitufe kisicho na rangi, Bwana Kasi alishusha pumzi na kuanza kukaa.

Ghalani kuna baridi, Nyota alikuwa akifikiri. Nitabeba sweta.

Kidole hakikwenda peke yake. Vingine vilishuka pamoja nacho, pigo moja zito.

MWANDISHI: Hapana.

Hakuwa amelisema kwa mdomo, kwa hiyo wa kwanza kulijua jibu lile katika chumba kizima alikuwa Fundi. Alilisoma. Akamgeukia yule mama wa pembeni ambaye mpaka asubuhi hiyo hakuwahi kumwona, akamtazama usoni, akatikisa kichwa mara moja, kwa nguvu.

"Yanabaki," Mwenyekiti akasema baada ya kuinama na kusoma skrini ya mwandishi. "Na kumbukumbu zionyeshe kwamba mlalamikaji ametikisa kichwa kukubali."

Hilo Nyota aliliandika.